Kutoa dizaini ya stuli kwenye vitu vya watemi pale Bujora

Mwangaluka wadau. Watu wananiulizaga hizi stuli zangu zenye kiuno nimezitoa wapi, sijatoa Pinterest jamani, nimezitoa Bujora hapo Kisesa, kama kilomita 20 toka Mwanza mjini, barabara ya Musoma. Ni makumbusho ya Wasukuma, viti na ngoma za watemi, yani machifu wa Kisukuma, viko humo. Na kwa taarifa yako hili neno ikulu asili yake huku huku, ndo nyumba ya mtemi.

Hatua ya 1. Nenda asubuhi, jua likiwa la pembeni alama za tezo na patasi zinaonekana vizuri. Ulizia kama picha zinaruhusiwa, ila simu iache mfukoni kwanza uzunguke tu, ukianza kupiga picha macho yanalala.

Hatua ya 2, na hii ndo yenyewe. Lile banda la ngoma za kitemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Yani mtu alichukua kigoda akakikuza kikawa jengo, sasa wewe unakirudisha kiwe kigoda. Simama mbali, fumba jicho moja, nyoosha mkono na penseli, pima kiuno kwa kidole gumba halafu hesabu kinaingia mara ngapi kwenye upana wa juu, mara ngapi kwenye kimo. Andika hizo namba, usiandike sentimita, uwiano ndo unabeba sura. Mapambo usihangaike nayo.

Hatua ya 3. Rudi karakana, chora saizi kamili kwenye boksi, kata, simamisha ukutani siku mbili tatu. Ya meza ya kulia kimo weka sentimita 45, ya sebuleni 30 inatosha. Kimo kikipanda kiuno kinaonekana chembamba mno, kinenepeshe kidogo hata kama hesabu inakataa.

Hatua ya 4, mbao. Vigoda vya zamani vinachongwa gogo moja, hakuna msumari. Mimi nikajifanya mjuaji nikachonga gogo bichi la mninga likiwa na moyo wake katikati, likapasukia sebuleni kwa mteja usiku, akanipigia akidhani ni mwizi. Toa moyo, paka nta vichwa vya gogo likauke polepole, au gundisha mbao kavu za inchi mbili ndo uchonge.

Finishi: msasa halafu nta ya nyuki. Vanishi ya kung'aa hapana.

Ila kiti cha mtemi usikikopi kama kilivyo. Nilishafanya hivyo, babu mmoja akaja karakana nikamkaribisha akae, akakiangalia weee, akasema hiki cha mtemi bwana, akakalia ndoo ya rangi.