Somo: Kufufua Mustang ya 1967 Ujerumani, kuanzia bati hadi namba za H

Wakuu, habari za leo. Gari hili limenikaa mkononi miaka minne hapa Bremen, kwenye banda la kukodi. Ni Ford Mustang ya 1967, injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, na gia otomatiki ya C4. Naandika kwa walioko Ulaya wanaotamani kununua moja wapo ya yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 60. Mpangilio ninaousisitiza ni huu: bati kwanza, breki pili, nguvu ya injini mwisho kabisa. Walioanzia kwenye injini nimeona magari yao, bado yamefunikwa turubai.

Hatua ya 1: Soma namba kabla ya kutoa hela

Fungua boneti, tazama namba ya utambulisho wa gari (VIN) kwenye ukingo wa bati la ndani upande wa dereva, pale fenda ilipoachiwa upenyo. Yangu inaanza na 7R01C. Hiyo 7 ni mwaka 1967, R ni kiwanda cha San Jose, California, 01 ni bodi ya paa gumu (02 ni fastback, yaani paa linaloteremka hadi nyuma, 03 ni paa la kukunja), na C ni 289 yenye kabureta ya koo mbili. Ukikuta T mahali pa C, gari lilitoka kiwandani na silinda sita, hata kama muuzaji anakuwashia V8 inayonguruma. S ni V8 kubwa ya inchi za ujazo 390.

Hatua ya 2: Nunua ambayo haijaguswa

Hapa watu wengi wanapoteza hela bila kujua. Gari lenye miaka 30 au zaidi, likiwa katika hali yake ya asili, linaingia Ujerumani kama kitu cha wakusanyaji: ushuru sifuri, kodi ya uagizaji 7%. Likiwa limekatwakatwa na kujazwa mambo ya kisasa, forodha wanaweza kulihesabu kama gari la kawaida, nawe unalipa ushuru pamoja na kodi ya 19%. Kwa hiyo marekebisho yote unayoyatamani yafanye likishafika.

Hatua ya 3: Bati

Langu nililinunua kwa picha tu. Rangi inang'aa, zulia jipya. Lilipotoka bandarini Bremerhaven, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumimina jagi la maji kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Maji yakaanza kudondoka juu ya pedali ya mafuta. Nikafunua zulia, nikakuta bati jembamba limepigwa ribiti na kupakwa lami. Nilibonyeza kwa bisibisi, ikazama hadi mpini.

Huo ndio ugonjwa mkuu wa Mustang hizi. Chemba ya hewa iliyo mbele ya kioo inashika majani na maji, inaoza kutoka ndani, kisha inaozesha sakafu. Ukibadilisha sakafu bila kutibu chemba, baada ya misimu michache ya mvua utarudi pale pale.

Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu, mihimili ya chini na vizingiti vya milango ndiyo mifupa yake. Kabla hujakata chochote, liweke sawasawa juu ya stendi, pima nafasi za milango pande zote na uziandike, kisha chomelea vyuma vya kukaza ndani ya uwazi wa kila mlango. Ukiruka hatua hii bodi italegea milimita chache tu, na mlango hautafunga vizuri tena.

Kufungua chemba nilitoboa madoa ya kuchomelea siku mbili nzima, moja baada ya jingine, kwa keekee ya milimita 8. Usitumie patasi kwa pupa, utapinda bati zima la juu. Ndani piga praima ya epoksi, ziba maungio yote, ukishafunga mimina maji tena. Mimi nilimimina ndoo tatu nikakaa chini na tochi nusu saa. Palipokuwa pakavu ndipo nilipomwita fundi wa rangi.

Hatua ya 4: Breki

Mwaka 1967 una nafuu: mastasilinda (pampu kuu ya breki) ni ya vyumba viwili, kwa hiyo bomba moja likipasuka bado unabaki na breki za magurudumu mawili. Za 1966 kurudi nyuma zina chumba kimoja, hizo badilisha bila kujadiliana.

Langu lilikuja na drami pande zote nne. Kwa mwendo wa barabara kuu za huku, drami za mbele hupata moto na kuishiwa nguvu. Nimeweka diski mbele, na mkaguzi wa namba za H hakuwa na tatizo, kwa sababu Ford waliuza diski za mbele kama nyongeza ya kiwandani tangu Mustang za 1965. Angalizo: mastasilinda ya drami ina valvu ndogo inayobakiza shinikizo kwenye mabomba. Ukiiacha ikilisha diski, pedi zitakuwa zinagusa muda wote na rimu zitakuunguza mkono. Weka mastasilinda ya diski na valvu ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Hatua ya 5: Injini

Pima mgandamizo wa silinda zote nane kabla ya kuifumua, huenda haihitaji. Ukifungua vichwa, weka viti vya valvu vigumu, maana petroli ya leo haina risasi iliyokuwa ikivilinda. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe na inayohimili ethanoli. Oili iwe yenye zinki ya kutosha, camshafti ya aina hii inaihitaji. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Usifuate mchoro wa 351, V8 nyingine ya Ford, ule ni tofauti.

Hatua ya 6: Ukaguzi na namba za H

Namba za H ni namba za usajili za Ujerumani kwa magari ya kale, yaani yaliyotimiza miaka 30 na kutunzwa katika sura yake. Kodi ya barabara ni takribani euro 191 kwa mwaka. Bila H, kwa lita 4.7 zisizo na daraja la moshi, utalipa zaidi ya euro 1,200. Tena H inakuruhusu kuingia maeneo ya miji yenye masharti ya hewa safi. Taa kubwa za mbele badilisha uweke zenye alama ya E, yaani zilizoidhinishwa kwa Ulaya. Indiketa nyekundu za nyuma zinakubalika kwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 1970. Baada ya hapo lazima ziwe za rangi ya chungwa.

Marekebisho ninayoyapenda ni yale ya enzi yake. Carroll Shelby, Mmarekani aliyeziboresha Mustang kwa mbio, kwenye GT350 yake ya 1965 alishusha mikono ya juu ya sospensheni ya mbele inchi moja. Unatoboa matundu mapya, unapima alaimenti upya, na kona unaisikia tofauti siku hiyo hiyo. Gharama yake ni ndogo sana. Na kila kipande cha zamani unachotoa, kifunge, kiandike, kiweke stoo.

MASWALI

Swali (mwanachama, Muscat): Fundi, yangu inachemka nikikaa kwenye foleni. Nitoe themostati?

Jibu: Hapana ndugu yangu, iache. Ikichemka umesimama, shida ni upepo. Ikichemka barabara kuu, shida ni maji au rejeta. Angalia kama una kava la plastiki linalozunguka feni. Wengi walilitoa zamani wakalitupa. Bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto.

Swali (mwanachama, Mombasa): Kaka, naweza kuileta nyumbani?

Jibu: Kwa sheria ya Kenya ilivyo, gari la kawaida lililotumika lisizidi miaka 8, na usukani wa kushoto haukubaliwi isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu. Usilipe meli kabla hujapata kibali cha maandishi.

Swali (mwanachama, Minneapolis): Shikamoo fundi. Yangu ni silinda sita, 200. Niweke V8?

Jibu: Marahaba, dada. Hesabu kwanza: ya silinda sita ina boliti nne kwa gurudumu, difu ndogo na breki ndogo. Ukiweka V8 unabadilisha difu, breki, springi na rimu pia. Injini ni sehemu ndogo tu ya bili. Ningekuwa mimi ningeitunza hiyo sita, ni ngumu kufa.

Swali (mwanachama, Hamburg): Gia tatu zinanichosha. Naweza kuweka giaboksi ya gia tano?

Jibu: Raha utaiona. Kwa difu ya uwiano wa 3.00 na tairi za inchi 14, ukiwa kilomita 120 kwa saa injini inazunguka karibu mara 2,950 kwa dakika. Gia ya tano ya uwiano wa 0.68 inaishusha karibu 2,000. Lakini giaboksi hizo ni za miaka ya 80, si za enzi ya gari. Nenda na karatasi kwa mkaguzi wako kabla ya kununua.

Swali (mwanachama, Köln): Nimepata ya 1967 hapa hapa Ujerumani. Haina neno Mustang popote, fendani imeandikwa T-5. Nimeuziwa bandia?

Jibu: Hongera, kaka! Kampuni ya Krupp ilikuwa inamiliki jina Mustang hapa Ujerumani, ikabidi Ford waliuze gari kama T-5 mpaka mwishoni mwa miaka ya 70. Kagua namba kama nilivyoeleza juu. Na tafadhali, fundi akikuletea herufi mpya za Mustang akitaka kukubandikia, mkatalie.