Namna ya Kuifuatilia Historia ya Euronet

Anayetaka kuandika historia ya Euronet, mtandao wa data wa umma uliounganisha nchi tisa za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, asianze na mitambo bali na mkataba wa mwaka 1975 kati ya Tume ya Ulaya na mashirika ya posta na simu. Kila shirika lilihodhi laini za simu za nchi yake, hivyo bila ridhaa yao data isingevuka mpaka.

Hatua inayofuata ni kutenganisha mambo mawili ambayo maandishi mengi huyachanganya: Euronet ilikuwa njia ya kupitishia data, ilhali DIANE lilikuwa jina la huduma za hifadhidata zilizopatikana kupitia njia hiyo, mojawapo ikiwa ya Shirika la Anga la Ulaya huko Frascati, Italia. Ukikuta mwandishi mmoja anataja 1979 na mwingine 1980, usiharakishe kumkosoa yeyote, kwa maana mtandao ulianza kufanya kazi kabla ya kuzinduliwa rasmi mwezi Februari 1980.

Kisha chora ramani. Swichi kuu, yaani mitambo ya kuelekeza data, ziliwekwa London, Paris, Frankfurt na Roma, na miji kama Dublin, Copenhagen na Luxembourg ikaunganishwa nazo kwa vituo vidogo.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi, kwa maoni yangu, ni viwango vya malipo. Mtumiaji alitozwa kwa muda aliounganishwa na kwa wingi wa data, wala si kwa umbali. Mtafiti wa Dublin aliyepekua hifadhidata ya Frascati hakulipia mtandao zaidi kwa sababu tu Italia iko mbali kuliko Uingereza. Kwa mashirika yaliyozoea kupandisha bei ya simu kila inapovuka mpaka, huo haukuwa uamuzi mdogo, na kumbukumbu za majadiliano yake zitakufunza mengi kuliko michoro ya waya.

Linganisha pia Euronet na EIN (European Informatics Network), mtandao wa utafiti ulioanza kazi mwaka 1976. EIN ilifuata fikra za Louis Pouzin, mhandisi Mfaransa wa mitandao, ambapo kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, husafiri peke yake na kompyuta za pande mbili ndizo hupanga mfuatano. Euronet ilichagua X.25, kiwango cha kimataifa cha mitandao ya data kilichopitishwa mwaka huohuo, ambacho huubebesha mtandao wenyewe jukumu hilo. Mpangilio huo uliwafaa wenye laini, waliotaka kubaki na udhibiti.

Mwisho, soma namba za anwani za mtandao zilizo katika vitabu vya maelekezo ya watumiaji. Tarakimu tatu za kwanza zilionyesha nchi, na ya nne ilionyesha mtandao: 2080 ilikuwa Transpac ya Ufaransa, 2342 ilikuwa PSS ya Uingereza, 2624 ilikuwa Datex-P ya Ujerumani Magharibi. Mitandao hii ya kitaifa ilipounganishwa moja kwa moja, kazi ya Euronet ilihamia kwao, na kufikia mwisho wa 1984 ikawa imefungwa.