Urefu wa tao na eneo la sekta kwa radiani: anza na uzi

Chukua kifuniko chochote cha mviringo. Kata uzi wenye urefu sawa na nusukipenyo, yaani kutoka kitovuni hadi ukingoni, kisha ulaze juu ya ukingo. Tao lililofunikwa na uzi linabeba pembe ya radiani 1 pale kitovuni, takriban digrii 57.3. Endelea kuulaza uzi huo mpaka umalize mzunguko: utaingia mara 6, na itabaki nafasi ndogo ya kama 0.28 ya uzi. Jumla yake, karibu nyuzi 6.28, ndiyo 2π. Tafadhali usiliruke zoezi hili. Wanafunzi wangu wakishalifanya kwa mikono yao, hawaulizi tena kanuni imetoka wapi.

Hatua ya 1: geuza digrii ziwe radiani. Zidisha kwa π, gawanya kwa 180. Tuseme duara lina nusukipenyo r = sm 6 na pembe ya sekta (kipande cha duara kilicho kati ya nusukipenyo mbili na tao) ni digrii 75. Basi θ = 75π/180 = 5π/12, karibu 1.309. Iache 5π/12 kama ilivyo. Ukikadiria mapema, kosa dogo litakufuata hadi kwenye jibu.

Hatua ya 2: tafuta urefu wa tao. Radiani zinakuambia nyuzi ngapi za urefu r zimelala juu ya tao. Kwa hiyo s = rθ = 6 × 5π/12 = 2.5π, yaani sm 7.85.

Hatua ya 3: tafuta eneo. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Ikate sekta kutoka kitovuni iwe vipande vyembamba sana. Kila kipande kinakaribia kuwa pembetatu yenye kimo r, na vitako vyote vikijumlishwa vinatoa tao zima. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, kwa hiyo A = ½rs. Weka rθ mahali pa s, upate A = ½r²θ. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha jambo hilohilo kwa duara zima: eneo lake ni sawa na la pembetatu mraba yenye kitako sawa na mzingo na kimo sawa na nusukipenyo.

Kwa mfano wetu: A = ½ × 36 × 5π/12 = 7.5π, yaani sm² 23.56. Hakiki kwa njia ya pili: ½ × 6 × 2.5π = 7.5π. Yamelingana.

Kosa ninalolisahihisha kila mara ni kuingiza 75 moja kwa moja kwenye s = rθ. Tao linatoka sm 450, ilhali mzingo mzima haufiki hata sm 38! Kabla ya kuandika jibu, lilinganishe na mzingo. Lingine: mzingo wa sekta si tao peke yake, ongeza nusukipenyo mbili.

Sasa jaribu kinyumenyume. Sekta ina eneo la sm² 40 na tao la sm 10. Kutokana na A = ½rs, r = 80/10 = sm 8, na θ = 10/8 = radiani 1.25. Hapa π haikuhitajika popote.