Namna ya kuzisikiliza kwinteti za Kiingereza za klarineti na nyuzi

Anayeanza kusikiliza muziki huu mara nyingi huingoja klarineti, ala ya kupuliza, kama anavyomngoja mwimbaji mbele ya bendi, na kwa kufanya hivyo hupitwa na mengi. Katika kwinteti ya aina hii, yaani muziki wa ala tano, klarineti moja hukaa pamoja na ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola (kubwa kidogo kuliko fidla) na selo (kubwa zaidi, yenye sauti nzito), na utamu wake umo katika uwezo wa klarineti kuzama ndani ya nyuzi hizo hata isitambulike, kisha ikaibuka mahali pengine. Swali la kujiuliza kila wakati ni moja tu: sasa iko wapi, na imefikaje hapo?

Usitumie spika ya simu. Uzi mnene wa selo hutoa sauti ya takribani hezi 65, ambayo spika ndogo haiwezi kuitoa ipasavyo, na selo ikipotea klarineti hubaki ikielea bila sakafu. Hedifoni za kawaida zinatosha.

Anza na kwinteti ya mtunzi Mwingereza Arthur Bliss ya mwaka 1932, yenye sehemu nne na urefu wa karibu nusu saa, aliyoitunga kwa ajili ya Frederick Thurston, mpigaji mkuu wa klarineti katika Orkestra ya Simfoni ya BBC. Klarineti inaanza peke yake, kisha nyuzi zinaingia moja baada ya nyingine. Rudia mwanzo huo mara kadhaa kabla ya kusonga mbele: kwanza ifuate klarineti, halafu iache uishike ala inayoipokea, usikie jinsi inavyoendeleza sauti ile ile kwa rangi nyingine. Zikikaribiana mno, tega sikio kwenye mtetemo, kwa kuwa mpigaji wa fidla huitikisa sauti kwa kidole cha mkono wa kushoto, ilhali wapigaji wengi wa klarineti wa Uingereza waliiacha inyooke bila kutikisika. Angalia pia kimo cha sauti yake, maana chini klarineti ni nene na yenye giza, juu ni angavu na huweza kukata kama wembe, na katika sehemu ya pili, iliyo ya kasi, Bliss huirusha kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuipumzisha.

Sehemu ya tatu, ya polepole, ndiyo moyo wa kazi hiyo. Ndugu yake Bliss, Kennard, aliyekuwa akipiga klarineti, aliuawa vitani mwaka 1916, na wapo wanaoisikia kwinteti yote kama maombolezo yake. Kwa maoni yangu sehemu ya mwisho ina uchangamfu mno kubeba tafsiri hiyo.

Baada ya hapo nenda kwa Herbert Howells, ambaye kwinteti yake ya mwaka 1919 ni ya sehemu moja isiyokatika, ya dakika kumi na mbili hivi. Hapa nyuzi ndizo zinazofungua, kwa msukumo mkubwa, na klarineti huja kutuliza. Kwa kuwa hakuna kituo cha kupumzikia, fuatilia hali hizo mbili zinavyopokezana, wala usihangaike kuhesabu mada.

Howells na Bliss wote walikuwa wanafunzi wa Charles Villiers Stanford jijini London, na nyuma yao yupo Brahms, mtunzi wa Kijerumani, ambaye kwinteti yake ya mwaka 1891 inafaa kusikilizwa sasa, si mwanzoni, ili isiwe kipimo cha kuwahukumia wengine.

Waache mwisho Benjamin Frankel, aliyetunga kwinteti ya mwaka 1956 kwa kumkumbuka Thurston, na Elizabeth Maconchy, ambaye yake ni ya mwaka 1963. Thea King, mjane wa Thurston na mpigaji hodari mwenyewe, alizirekodi zote mbili. Kwa Maconchy ala hubishana kuliko kupokezana, hoja zake ni fupi na kavu, na ni afadhali kusikiliza sehemu moja tu kwa siku.