Kupanda boti Naivasha bila kuwatoa ndege kwenye mayai

Kila wikendi ya likizo zinapita video za watu wako kwenye boti Naivasha, injini inanguruma, watu wanapiga mayowe, alafu mti mzima wa minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, unaruka mara moja na hapo chini komenti ni "tamu sana hii". Wale ndege hawakurukia kamera, wengi walikuwa wamelalia mayai. Ziwa Naivasha liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 1995, manake ni ardhioevu inayohesabika duniani kote, na ndege ndio sababu kubwa. Boti si dhambi, mimi mwenyewe ninapanda, ni vile tu watu wanapanda.

Anza na maongezi pale gatini kabla injini haijawashwa. Hii ndio hatua kubwa kuliko zote nitakazotaja hapa. Dereva wa boti anajua viota kuliko mimi na wewe, anajua mti upi una mayai na upi umebaki matawi tu, lakini pia anajua mgeni akisogezwa karibu tipu inakuwa nene, kwa hivyo anasogea kwa ajili yako. Mwambie wazi, "Kapteni, leo tusisogelee viota, tupite mbali, na tipu yako iko palepale." Usilipie nusu saa alafu udai viboko, tai na Crescent Island zote, hapo lazima akimbize. Chukua saa nzima, na uende asubuhi, manake mchana upepo huwa unaamka na mawimbi yanaanza, boti inasukumwa na hata dereva mzuri anashindwa kukaa umbali anaoutaka.

Sasa viota viko wapi. Ziwa lilipopanda, hasa 2020, maji yaliingia kwenye migunga ya ukingoni, miti ikafa imesimama majini, na hiyo mifu ndio imekuwa mtaa wa minandi, utaijua kwa vile matawi yamepakwa kinyesi cheupe. Kifaranga wa mnandi anaanguliwa bila hata nyoya moja, ngozi tupu nyeusi. Ukiangalia saa sita jua limewaka utaona mzazi amesimama juu ya kiota amewafunika watoto kwa kivuli chake. Ukimrusha huyo mzazi, watoto wanachomeka, na kunguru na furukombe, yaani tai mlasamaki, wanajua kabisa kwamba kelele za boti ni nafasi ya kula. Saa zingine kifaranga aliyekomaa kidogo anashtuka anaruka majini kabla hajajua kuruka, na hapo kupanda tena mtini ni bahati.

Viota vingine wala hutaviona, viko chini, kwenye gugu maji na pembeni ya mafunjo, vinaelea. Kibisi, ndege mdogo wa kuogelea na kuzamia, akiondoka taratibu anafunika mayai yake na majani mabichi, ukipita unadhani ni takataka tu, lakini boti ikimtokea ghafla hapati muda wa kufunika, mayai yanabaki wazi. Sile-maji, yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani, ndio ananishangaza, kwa sababu ni dume anayelalia mayai. Kwa kawaida ni manne, ya kahawia yanang'aa, yamechorwa mistari myeusi ovyo kama mtoto aliyepewa kalamu. Kiota chake ni majani machache tu yaliyolowa, hakina ukingo wowote, wimbi moja la boti linatosha kusukuma yai likaingia majini.

Kwa hivyo wimbi ni muhimu kama vile umbali, na hapa madereva wageni wanakosea. Boti ikienda polepole kabisa haina wimbi la maana. Ile spidi ya katikati, pua imeinuka na nyuma imezama, ndio inatupa wimbi baya kuliko hata ukikimbia. Alafu ukikata mafuta ghafla mbele ya mafunjo, wimbi lako mwenyewe linakupita na kuendelea mpaka kwenye majani. Punguza mapema, ukiwa bado mita kama 200, na shuka mpaka spidi ya kutembea, si ile ya "nimepunguza kidogo". Usikate njia katikati ya magugu hata kama ndio njia fupi, na usitumie ukuta wa udongo wa ukingoni kama kona, mdiria, yule ndege mvuvi wa mdomo mrefu, anachimba shimo lake humo na mawimbi yanabomoa.

Umbali, kipimo changu ni mita 100 kwa mti wenye viota vingi na 50 kwa kiota cha peke yake, lakini ndege mwenyewe ndio anakwambia ukweli. Ukiona shingo zimenyooka zote, ndege anasimama kutoka alipolala, anaangalia boti badala ya mayai, umeshafika karibu sana hata kama hajaruka. Usingoje aruke. Rudi kwa pembe, taratibu. Pia usimwendee moja kwa moja, pita ubavuni kama mtu anayeenda zake, ndege anavumilia boti inayopita kuliko inayomlenga. Usimbane kati ya boti na nchi kavu. Na kama mnataka kuzima injini mtulie, zimeni upande ambao upepo unawapeleka mbali na mti, manake nimeona boti imezimwa kwa nia nzuri kabisa alafu ikaelea polepole mpaka chini ya viota na watu bado wanapiga selfi.

Tai mlasamaki sasa, najua hii itakera watu. Ile shoo ya dereva kupiga mluzi na kurusha samaki aliyetiwa kipande cha funjo ndani ili aelee, picha yake ni kali, sikatai. Shida ni chini ya mti wa kiota. Furukombe analalia mayai kama mwezi na nusu, alafu kifaranga anakaa kiotani zaidi ya miezi miwili. Kwa muda wote huo mti ule usiguswe na mluzi, hasa ukikumbuka boti yenu si ya kwanza siku hiyo. Kiota chake kinaonekana, ni lundo kubwa la vijiti kwenye panda juu kabisa ya mgunga. Ukikiona, mwambie dereva twende kwingine. Kama hamkurusha samaki kabisa hakuna kilichopungua, tai mnamuona tu, wako kila mahali.

Muziki uzimwe ukikaribia miti, spika ya boti haina maana yoyote pale. Droni acha gatini, ndege anaiona kama mwewe. Mkishuka Crescent Island kutembea, angalia mnapokanyaga ukingoni, kuna ndege wanaotaga chini kwenye changarawe na wakianza kukuzunguka wakilia ujue mayai yako karibu, rudi ulikotoka. Kifaranga akianguka majini usimfuate na boti, ondokeni ili mzazi arudi. Ukikuta ndege amenaswa na uzi wa nailoni usimvute, mwambie dereva apigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Msimu usiutegemee sana. Mvua za Machi mpaka Mei ndege wengi wanazaa, lakini Naivasha kibisi na wenzake wanaweza kutaga mwezi wowote maji yakiwa mazuri, kwa hivyo chukulia kila safari kuna mayai mahali.

Na picha? Beba darubini. Weka kamera ya simu kwenye tundu moja la darubini, tulizeni boti, shikilia mikono miwili na usubiri isitikisike, utapata mnandi analisha mtoto, mdomo wa kifaranga umeingia mpaka kooni mwa mzazi, ukiwa mita 100 na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.