Somo: Jitengenezee kipima vumbi la hewani kwa kihisi cha SDS011

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi somo la kile kidude nilichofunga barazani kwangu Temeke, leo nalileta. Nitakiita kihisi, maana huku ukisema "sensa" watu wanadhani umekuja kuhesabu kaya.

Tunachotafuta ni PM2.5, chembe za vumbi na moshi zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kihisi hakizipimi kwa mizani. Feni inavuta hewa, chembe zinakatiza mwali wa leza, mwanga unatawanyika, na kutokana na mwanga huo kidude kinakisia uzito wa chembe, kwa mikrogramu katika kila mita ya ujazo ya hewa. Hilo neno "kinakisia" lishikeni.

Vifaa: SDS011, bodi ya NodeMCU yenye chipu ya ESP8266, BME280 ya kupima joto na unyevu, nyaya za kuchomeka, chaja ya simu ya volti 5, elbo mbili za bomba la plastiki za milimita 75, na kipande cha neti ya mbu.

Hatua ya 1. Bodi ikiwa bado mezani, ipakie programu ya Sensor.Community, mradi ulioanzia Stuttgart, Ujerumani. Ni ya bure.

Hatua ya 2. Waya. Kwenye SDS011, TXD iende D1, RXD iende D2, GND kwa GND, volti 5 kwa VU. BME280 inakula volti 3.3 tu, SDA iende D3, SCL iende D4. Someni maandishi yaliyo kwenye bodi, msifuate rangi za nyaya.

Hatua ya 3. Ukiiwasha, bodi inarusha waifai yake yenye jina linaloanza na airRohr. Jiunge nayo kwa simu, fungua 192.168.4.1, weka jina na nywila ya waifai ya nyumbani. ESP8266 inashika gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo kama mtandao wako ni wa 5 utahangaika hadi alfajiri.

Hatua ya 4. Ingiza vyote ndani ya elbo, zichomeke pamoja, midomo yote miwili itazame chini mvua isiingie. Funga neti kwenye midomo. Mimi neti niliipuuza. Baada ya wiki mbili namba zikapaa, usiku na mchana hazishuki, nikaanza kumlaumu jirani anayechoma taka. Nilipofungua nikamkuta buibui katulia kwenye tundu la kuvutia hewa, utando umejaa manyoya ya vumbi. Jirani nilimwomba radhi, ingawa taka anachoma kweli.

Hatua ya 5. Mahali. Juu ya kimo cha mtu, kivulini, hewa ipite. Kisiwe juu ya jiko la maandazi, labda kama unataka kupima maandazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mkuu, alfajiri changu kinaonyesha 70 na nje hakuna moshi wowote. Kibovu?

Jibu: Kizima kabisa. Unyevu ukipanda, chembe zinanyonya maji na kuvimba, leza inaziona kubwa kuliko zilivyo. Watengenezaji wenyewe wanataka unyevu usizidi asilimia 70, na sisi wa pwani hiyo tunaipita kila alfajiri. Ndiyo maana nikataka BME280: ukiona unyevu asilimia 95, hiyo 70 ya vumbi usiitangaze. AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, huweka vihisi vyao kando ya mashine kubwa ya rejea ili kusahihisha namba. Sisi tusio na mashine hiyo tulinganishe kihisi na chenyewe, saa kavu kwa saa kavu, Jumatatu na Jumapili.

Swali (Arusha): Shikamoo fundi. Namba ngapi ndiyo mbaya?

Jibu: Marahaba. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 waliweka kikomo cha PM2.5 kuwa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Angalia neno wastani. Bodaboda akipita na moshi namba ikaruka hadi 120, hiyo si siku yako nzima.

Swali (Mbeya): Kinadumu muda gani?

Jibu: Leza imetajwa kudumu saa 8,000. Ukikiacha kikizunguka mfululizo ni kama miezi 11. Programu hii inakiamsha kwa sekunde chache kila baada ya dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo kinakwenda zaidi.

Swali (Dodoma): Nikiweka chumbani kitanionya moshi wa mkaa usiku?

Jibu: Hapana dada, tena hapana. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wa kuonekana, unatoa kaboni monoksidi, na hiyo ni gesi. Leza haiioni kabisa. Kihisi kitakuandikia 12 huku chumba kinaua. Jiko litoke nje kabla ya kulala.