Kabla Hujaingia Makumbusho ya Tambi Yokohama

Usiende Jumanne. Naanza na hilo kwa sababu mimi liliniponza nauli na nusu siku nzima. Nilitoka Tokyo asubuhi, nikafika Yokohama huku nikijipongeza kwa kuwahi, kumbe CUPNOODLES MUSEUM hufungwa kila Jumanne. Jumanne ikiwa sikukuu, mapumziko yanahamia siku inayofuata. Makumbusho yao mengine, ya Ikeda karibu na Osaka, yana desturi hiyohiyo. Aliye na mwongozaji mwanzo hadi mwisho hana shida, maana kazi ya kujua ratiba ni ya mwongozaji. Wanaoumia ni wale wanaonunua ziara ya nusu siku halafu nusu iliyobaki wanajipangia wenyewe.

Jua pia unapelekwa wapi hasa. Yokohama ina nyumba mbili za tambi, na watu huzitaja kama ni moja. Shin-Yokohama Raumen Museum ilifunguliwa Machi 1994, na kutoka stesheni ya Shin-Yokohama, inaposimama treni ya mwendo kasi, ni kama dakika tano kwa miguu. Chini ya ardhi wamejenga mtaa wa Tokyo wa mwaka 1958: anga ya magharibi isiyokucha wala kuchwa, vichochoro, mabango ya zamani, kiduka cha peremende za watoto. Ndani ya vichochoro hivyo mna migahawa halisi ya rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, kila mmoja na ladha ya kwao. Migahawa hii hubadilishana, kwa hiyo ule uliouona kwenye video ya mwaka juzi huenda umeshafungasha. CUPNOODLES MUSEUM ya Yokohama yenyewe ilifunguliwa Septemba 2011 eneo la Minato Mirai, kando ya bandari, na habari yake ni tambi za pakiti na za kikombe, zile ambazo kwetu zote huitwa Indomie hata pakiti ikiwa na jina jingine. Shin-Yokohama unakwenda kula. Minato Mirai unakwenda kutazama na kutengeneza kwa mikono yako. Kati ya hizo mbili kuna safari ya treni, si ya kuvuka barabara, basi usikubali ratiba inayokupa dakika kumi za kuhama.

Ukishajua hivyo, utajua cha kumuuliza muuza ziara kabla hujalipa. Je, bei ina kiingilio ndani yake? Ina bakuli ngapi, na za ukubwa gani? Nafasi ya kutengeneza tambi imeshashikwa kwa majina yenu, au mtakwenda kubahatisha mlangoni? Mwongozaji anazungumza lugha gani? Hili la mwisho watu hulipuuza. Mara nyingi ni Kiingereza, na ukiwa na mama au mzee ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, lazima mmoja wenu akubali kuwa mkalimani, na mkalimani hali kwa raha. Pangeni zamu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: nguruwe. Kwa msomaji wa Mombasa, Unguja au Muscat hili halihitaji maelezo, lakini hata asiye Mwislamu ajue kwamba rameni bila nguruwe ni kitu cha kutafutwa. Supu ya tonkotsu, iliyotoka Kyushu, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi mpaka maji yakawa meupe kama tui. Vipande vyembamba vinavyopangwa juu, chashu, ni nguruwe. Supu ya shoyu, yaani sosi ya soya, yenye rangi ya chai, inaweza kuonekana haina neno, kumbe mafuta yanayong'aa juu yake ni ya nguruwe, na ndani ya mchuzi wake wa msingi mnaweza kuwa na mirini au sake, ambazo ni vileo. Na vile vipande vidogo vya nyama ndani ya Cup Noodle, ambavyo Wajapani wenyewe kwa utani waliviita nyama ya fumbo, mwaka 2017 Nissin, kampuni inayoitengeneza, ilisema hadharani kwamba ni nguruwe na soya vilivyochanganywa.

Kosa linalofanyika ni kusema "sili nyama ya nguruwe" na kuishia hapo. Mpishi ataondoa vile vipande vya juu kwa moyo mweupe kabisa, na supu itabaki ileile. Uliza kuhusu supu. Ukitaka kusema mwenyewe, sema: "Supu ni buta ga haitte imasu ka?", yaani, je, ndani ya supu mna nguruwe? Kijapani kikiandikwa kwa herufi zetu hutamkwa karibu kama Kiswahili, kila irabu mahali pake, na mara nyingi tunaeleweka kuliko Waingereza. Kwenye pakiti tafuta alama hii: 豚. Ndiye huyo.

Kwa nini nasisitiza yaulizwe mapema, si siku yenyewe? Kwa sababu katika migahawa mingi ya rameni humkuti mhudumu wa kumuuliza. Kuna mashine ya tiketi mlangoni. Unaingiza pesa, unabonyeza kitufe chenye picha, unatoa karatasi, unakabidhi. Nyuma yako kuna foleni. Mwongozaji mwenyewe ana watu wanane wa kuwahudumia, na hapo si mahali pa kuanza kujadili mifupa. Andika barua pepe wiki moja kabla, eleza unachokula na usichokula, na umtake akutajie mgahawa na bakuli kwa jina. Akijibu "usijali, tutaona hapohapo", hilo nalo ni jibu, nawe tafuta mwingine. Kama hakuna njia, lipia matembezi bila chakula, kisha nenda Asakusa, Tokyo, ambako rameni ya halali inapatikana, ukale kwa nafsi iliyotulia.

Wenye mzio wana orodha yao. Rameni na udoni, zile tambi nene nyeupe, ni ngano. Soba ni tambi za mbegu iitwayo kwa Kiingereza buckwheat, ambayo si ngano wala mtama, na mzio wake unaweza kuwa mkali hadi kuhatarisha maisha, na mgahawa unaouza soba na udoni unaweza kuzichemshia katika maji yaleyale. Sheria ya Japani inalazimisha vyakula vya pakiti kutaja vitu kama ngano, soba, mayai, maziwa, karanga, jozi (walnut), uduvi na kaa, lakini bakuli la mgahawani halina lebo. Beba kikaratasi kilichoandikwa kwa Kijapani. Simu huzimika.

Upande wa pili, kuna mambo ambayo mtu wa kwetu ataona kama amefika nyumbani. Kinachoifanya tambi ya rameni iwe ya manjano na inayovutika, tofauti na tambi zetu za sukari na iliki, ni maji yanayoitwa kansui, yenye kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Kwa lugha ya jikoni hayo ni ndugu wa magadi, yale tunayotia kwenye maharage na mboga sugu. Na ile harufu ya bahari kwenye baadhi ya supu inatoka kwa niboshi, samaki wadogo waliochemshwa wakakaushwa. Nilipovionyeshwa niliona dagaa tu. Mwambie mwongozaji hivyo, na ziara itachangamka, kwa kuwa atakuwa amechoka kuulizwa kila siku kama rameni ni ya Kichina au ya Kijapani. (Ilikuja na Wachina, Yokohama ikiwa mojawapo ya bandari zao, na mtaa wao uko si mbali na Minato Mirai. Ikakaa, ikabadilika.)

Tumbo nalo lipangwe. Hoteli itakupa kifungua kinywa cha kushiba, nawe utashawishika kwa sababu kimeshalipiwa. Kunywa chai, kula tunda, inuka. Shin-Yokohama migahawa huuza bakuli dogo pamoja na la kawaida, na kila mtu mzima anayeketi anatakiwa kuagiza lake. Hakuna kuagiza moja mkalionja watano, kama tunavyofanya kwenye sinia la pilau. Kwa hiyo agiza ndogo, na anza na supu nyepesi ya shio, yaani chumvi, au shoyu, umalizie na ile nzito ya Sapporo, ya miso, yaani soya iliyochachushwa. Ukianza na nzito, ya pili utaitazama tu. Bakuli mbili ndogo zinamtosha mtu wa kawaida, tatu ni za mbishi. Fika karibu na saa tano asubuhi, kabla foleni ya mchana haijajikunja, na epuka wikendi ukiweza.

Kuhusu adabu sitasema mengi. Tambi hufyonzwa kwa sauti. Kwetu mtoto angepigwa jicho, lakini pale hakuna atakayegeuka, na kweli hewa ile inapoza tambi na kuinua harufu. Usichomeke vijiti wima ndani ya chakula, ni ishara ya msiba. Ukimaliza, ondoka, maana kuna anayesubiri kiti.

Kabla ya Minato Mirai, jisomee kidogo habari za Ando Momofuku, mvumbuzi wa tambi za pakiti na mwanzilishi wa Nissin, kwa sababu maonyesho yote yanamzunguka yeye na bila yeye utaona pakiti ukutani tu. Alizaliwa Taiwan mwaka 1910. Mwaka 1957 benki ya ushirika aliyokuwa mwenyekiti wake ilianguka, akapoteza karibu kila kitu isipokuwa nyumba yake Ikeda. Akajifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba akitafuta tambi zinazoiva kwa maji ya moto tu. Inaelezwa kwamba alipata jibu kwa kumtazama mkewe akikaanga tempura, vyakula vilivyochovywa kwenye uji wa unga: chakula kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji hutoka na kuacha vitundu vidogo, na vitundu hivyo ndivyo baadaye hunywa maji tena. Agosti 1958, akiwa na miaka 48, Chicken Ramen ikatoka, yen 35 kwa pakiti, wakati fungu la udoni lilikuwa karibu yen 6. Kilikuwa chakula cha anasa, ajabu hiyo! Mwaka 1966 akiwa Marekani aliwaona wanunuzi wakivunja tambi zake ndani ya kikombe cha karatasi na kula kwa uma, na mwaka 1971 Cup Noodle ikazaliwa. Kibanda chake kimejengwa upya humo ndani. Simama hapo dakika tano, hata kama kikundi kinakuita.

Kuna karakana mbili, na ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza unapamba kikombe, unachagua supu moja kati ya nne na viungo vinne kati ya kumi na viwili, na unazungusha mkono wa mashine unaokifunika kikombe juu ya tambi, kwa kuwa ndivyo kiwandani hufanywa: kikombe ndicho huja kwenye tambi. Wanasema michanganyiko ni 5,460. Nilidhani ni chumvi ya biashara, nikakaa nikapiga hesabu, ikatoka hivyohivyo, mradi unaruhusiwa kurudia kiungo. Uduvi mara nne, ukitaka. Ya pili ni ya kukanda unga, kuusukuma, kuukata, kuupika kwa mvuke, na kuukabidhi ukaangwe. Huchukua kama dakika tisini na haipokei watoto ambao hawajaanza shule ya msingi. Zote zina nafasi chache na hujaa mapema, hii ya pili hasa. Mikono huoshwa na pete huvuliwa, kwa hiyo dada aliyevaa buibui la mikono mipana avae ndani yake kitu cha kukunjika hadi kiwiko.

Mengine ni ya haraka. Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza, nayo ishughulikiwe mapema. Pasipoti uitembeze nayo, sheria ya Japani inamtaka mgeni hivyo. Kadi ya treni ya kugusa, Suica au PASMO, itakuondolea kusimama mbele ya ramani. Yen taslimu ziwe noti ndogo, kwa ajili ya zile mashine. Kiingilio cha Minato Mirai nilikuta ni yen 500 kwa mtu mzima, na Ikeda ni bure. Bei zitazame tena kabla ya safari.

Kikombe ulichokitengeneza utapewa ndani ya mfuko wa hewa wenye kamba, kama puto, ukivae shingoni. Kilindwe, kwa maana kikipasuliwa kwenye sanduku ni unga. Pia hakikai kama cha dukani: ni cha kuliwa ndani ya mwezi mmoja. Kama unarudi Ulaya au kwingine kwenye masharti makali ya nyama kutoka nje, chagua viungo visivyo na nyama au ukile hotelini usiku uleule. Na rameni za zawadi zenye supu ya majimaji ziende kwenye sanduku la kupakiwa, si begi la mkononi, la sivyo zitaishia kwenye pipa la ukaguzi uwanjani, na shangazi uliyemwahidi hatakuamini.